Orodha ya Viota

"Nanga, hapa Mnara. Barafu imelowa. Rudia."

"Barafu imelowa," alijibu Inka Saijets. "Kwa muda gani?"

"Mpaka maji yawe maji."

Simu ikakatika.

Inka aliitazama ile simu ya setilaiti, Iridium nyeusi isiyozidi kiganja, kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng'ata. Kwa lugha ya siri ya Idara, barafu imelowa ilikuwa na maana moja. Hakuna helikopta. Ukungu ulikuwa umelalia Ziwa Inari, kaskazini ya mbali ya Ulaya, tangu juzi, mzito kama sufu, na hakuna rubani ambaye angethubutu kuupenya.

Ilikuwa mwisho wa Mei. Barafu ya ziwa bado ilikuwepo, ila ilikuwa imeoza. Haikuweza kubeba pikipiki ya theluji, wala haikuachia mashua nafasi ya kupita. Watu wa huku wakifikwa na majuma hayo mawili hubaki palepale walipo, wakinywa kahawa na kusubiri.

Katika kituo cha utafiti cha kisiwa cha Kuikkasaari walikuwa wamebaki watatu.

Wa kwanza alikuwa Inka mwenyewe, umri miaka arobaini na moja. Kwa karatasi alikuwa karani aliyetumwa na chuo kuja kupanga data za kituo. Kwa kweli alikuwa jasusi.

Wa pili, mzee Eljas Kuuva, mtunza data. Miaka arobaini na moja alikuwa akiandika kila panya, kila ua na kila ndege wa upande huu wa ziwa.

Wa tatu, Daktari Lorenz Haveker, mgeni kutoka kusini mwa Ulaya. Alisema alikuja kutafiti kuvu za mawe. Alikuwa na meno mazuri mno kwa mtu wa kuvu.

Kati ya wanaume hao wawili, mmoja alikuwa adui.

Alfajiri, mtambo mdogo aliouficha Inka ndani ya kopo la unga ulikuwa umenasa ujumbe uliokuwa ukiingia kisiwani. Maneno yenyewe hayakufika kumi. *Saa tisa alasiri. Tuko wanne. Orodha iwe tayari.*

Orodha.

Inka alijua ni orodha gani. Viota thelathini na kimoja vya kozi weupe, ndege wa kuwindia, adimu kuliko wote wa nchi hizi, wale ambao matajiri wa mbali huwanunua kwa bei ya gari jipya. Mahali pa kila kiota palijulikana na mashine moja tu, na mashine hiyo ilikuwa ghorofa ya chini, ofisini kwa mzee Eljas. Makinda walikuwa wametimiza wiki mbili. Umri mzuri wa kuibwa.

Saa tatu asubuhi. Zilibaki saa sita.

Akapanda chumbani kuchukua Glock 19 yake.

Haikuwepo.

Akageuka kuichukua simu aliyoiacha kitandani dakika chache zilizopita aliposhuka kuchungulia nje.

Nayo haikuwepo.

"Dada Inka!" Ilikuwa sauti ya Haveker ikitoka jikoni, changamfu. "Njoo upate kahawa! Unatembea juu huko kama askari wa zamu. Kuna vita?"

"Kuna baridi," Inka alijibu huku akishuka ngazi.

"Baridi! Na wewe umezaliwa huku! Mimi nifanyeje?" Alimmiminia kikombe, akakatia jibini ndani yake kama wenyeji wanavyofanya. Alikuwa amejifunza haraka. "Mzee Eljas anakutafuta. Anasema masanduku ya chumba cha baridi hayalingani na daftari."

Mzee Eljas alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakumtazama usoni.

"Dakika mbili tu," alisema. "Nisaidie kuhesabu."

Inka akamfuata. Alikuwa anawaza bastola.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Chumba cha baridi kilikuwa nyuma ya kituo, kuta za bati na povu, nene kama urefu wa mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Ndani, rafu zilijaa masanduku mpaka darini. Kipimo kilionyesha nyuzi ishirini chini ya sifuri. Inka alipiga hatua tatu.

Mlango ukafungwa.

Komeo likalia.

"Mzee Eljas! Mlango umejifunga!"

"Haukujifunga," sauti ikasema nje. "Nimeufunga mimi."

Inka akaukimbilia. Sehemu ya kufungulia kwa ndani ilikuwa imeng'olewa. Matundu manne ya skrubu, basi.

"Nyuma ya rafu ya kushoto kuna koti la manyoya ya kulungu," sauti iliendelea. "Livae. Na usikae chini, sakafu itakumaliza."

"Unaniua halafu unanipa koti?"

"Sikuui, binti. Nakuficha. Huyu bwana alisema mwanamke asionekane mpaka saa tisa, la sivyo atamshughulikia yeye mwenyewe. Na ameshaichukua bastola yako."

"Bastola gani? Mimi ni karani wa—"

"Wewe si karani. Wewe ni mtoto wa Saara Saijets wa kijiji cha Partakko. Pua ya mama yako hiyo. Nilikujua uliposhuka tu kwenye pikipiki ya theluji."

Siku kumi na moja za kujifanya. Inka alifumba macho.

"Basi zima mashine ya baridi!"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Sampuli zitayeyuka."

Alitaka kucheka, lakini mashavu yake yalikuwa yameanza kukauka. Akalivaa lile koti. Likamfika magotini, likinuka moshi na samaki. Akawa anatembea. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, saa baada ya saa. Hewa aliyoitoa puani ilikuwa ikigeuka unga kwenye nyusi zake.

"Mzee Eljas. Bado uko hapo?"

"Niko."

"Amekushika wapi?"

Kitu kizito kikaegemea mlango kwa nje. Alikuwa ameketi.

"Alinipa kifaa kidogo chenye picha zake za kuvu," mzee alisema. "Nikakichomeka kwenye mashine. Asubuhi yake kila faili ilikuwa imefungwa. Kila moja. Ukigusa, inakuomba neno la siri. Nikakimbilia nakala ya akiba kwenye diski, nayo imefungwa. Nikapiga simu chuoni, nao nakala yao ilikuwa imejifunga usiku uleule. Nilikuwa na nakala tatu, binti, na zote tatu zilikuwa zinafuatana kama vifaranga wa bata. Wa kwanza alipoingia shimoni, wote wakaingia."

"Na yeye ndiye mwenye neno la siri."

"Orodha ya viota ndiyo pekee iliyosalia, nimeiweka kwenye mashine isiyounganishwa na kitu, na ni mimi tu ninayeweza kuifungua. Nimpe orodha, anirudishie miaka yangu. Viota thelathini na kimoja kwa miaka arobaini na moja. Nimepima. Usiku kumi na sita sijalala, napima. Sikuoa, unajua? Watu waliniuliza unafanya nini huko kisiwani. Nikasema ninaandika. Sasa nimeandika nini?"

Inka aliacha kutembea. Vidole vya miguu havikuwa vyake tena. Alikuwa amesimama mbele ya rafu, na taa ndogo ya darini iliangukia sanduku lililokuwa usawa wa macho yake. Alifunua kifuniko. Vichupa mia, na kila kichupa kina karatasi. Kila karatasi ina mwandiko mdogo wa penseli.

Akachomoa kimoja.

"Tarehe tisa Juni, themanini na tatu," alisoma kwa sauti. "Bonde la Kessi. Mtego namba arobaini. Panya wa msituni, jike, gramu ishirini na mbili, ana mimba."

Akachomoa kingine. "Tarehe kumi Juni. Hapohapo. Mtego namba saba. Dume. Gramu kumi na tisa. Sikio limechanika."

"Siku hiyo ilinyesha," mzee alisema polepole. "Tulilala chini ya mashua."

Inka akainama kwenye rafu ya chini. Vidole vilikataa kukunjuka, ikabidi afungue sanduku kwa viganja. "Manyoya ya kozi. Kiota namba tano. Makinda watatu, wazima. Mwaka tisini na moja." Akapiga bati kwa ngumi. "Mjomba, unanisikia? Huyo mtu amefunga mashine. Hakufunga kitu kingine. Miaka yako ndiyo hii, nimesimama katikati yake, na inaniua!"

"Ni nusu tu," mzee alisema. "Theluji haimo. Maua hayamo."

"Ni nusu, ndiyo. Na hiyo nusu haitaki neno la siri la mtu."

Mashine ya baridi ilinguruma. Inka alihesabu mpaka arobaini.

Komeo likalia.

Mzee Eljas alikuwa mwekundu macho. Alimshika Inka mikono, akaisugua kama anayewasha moto.

"Umeniita mjomba," alisema.

"Baridi hiyo," alisema Inka. "Saa ngapi?"

"Saba na nusu."

"Haveker yuko wapi?"

"Gatini. Anasubiri wenzake. Kakata waya wa redio, na bastola iko kwenye koti. Mkono wa kulia."

Inka aliwaza haraka. Watu watano, pengine bastola zaidi ya moja, na yeye alikuwa na kisu cha kuchunia samaki. Kupigana hakukuwa na maana. Kukimbia hakukuwezekana.

"Ukimpa orodha ya uongo, atagundua?"

"Atagundua. Kuna kiota anakijua. Kile walichokivamia mwaka jana. Atalinganisha."

"Basi mpe ya kweli."

Mzee aliduwaa. Kisha kitu kikapita usoni mwake, mfano wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka miwani.

"Ya kweli," alirudia. "Kiota cha mwaka jana kiliandikwa kwa kipimo kipya cha ramani. Viota vitano vya mwisho wa orodha ni vya kipimo kipya. Ishirini na sita ni vya zamani, kabla serikali haijabadilisha. Ukizisoma namba za zamani kwenye ramani mpya, zinaruka. Kilometa tatu kwenda kaskazini."

"Na kaskazini ya magenge, ile miamba wanakotaga kozi, kuna nini?"

"Ziwa," alisema mzee Eljas. "Kila mahali ni ziwa."

"Kipimo kimeandikwa wapi?"

"Kwenye faili la maelezo. Lile ambalo hakuna kijana anayelisoma."

"Usimpe maelezo."

Kwa mara ya kwanza tangu Inka afike, yule mzee alicheka.

Kutoka kwenye droo ya ofisi alitoa kidude cha gramu kumi na saba, chenye kioo cha jua mgongoni. Kilikuwa kinasa-njia cha kufungwa ndege, hutuma mahali kilipo kila dakika kumi. Inka alichukua namba yake, akatoka kwa dirisha la nyuma. Kibarazani, Haveker alikuwa ameacha sanduku la joto la kubebea makinda. Inka alifunua bitana kwa kisu, akakizika kidude pembeni karibu na tundu la hewa, akarudisha kitambaa.

Ndipo aliposikia ngurumo ziwani.

Ilikuwa hidrokopta, chombo chenye tumbo la mashua na pangaboi kubwa mgongoni. Hupita juu ya barafu, nayo ikivunjika huelea. Kilitoka ukunguni kama mnyama, kikapanda gatini. Watu watatu walishuka na kamba za kupandia magenge. Wa nne alibaki kwenye usukani.

Inka alijibanza nyuma ya kuni, akisikiliza dirishani.

"Hii hapa," ilikuwa sauti ya mzee. "Vyote thelathini na kimoja."

Vidole vikabonyeza.

"Kile cha mwaka jana kiko sawasawa," Haveker alisema. "Vizuri sana, mzee wangu. Ningeshangaa kama ungenidanganya, mtu mwaminifu kama wewe."

"Sasa nipe neno la siri."

"Nikifika salama nitakutumia. Kwa sasa twende ukamwone karani wako. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye."

Inka aligutuka.

Angefungua mlango. Angekuta chumba kitupu.

Akakimbia. Aliruka matawi, akateleza kwenye theluji ya kivulini, akafika kwenye chumba cha baridi sekunde chache mbele ya nyayo zao. Aliokota kizibo cha mpira, akakishindilia kwenye tundu linalopokea ulimi wa komeo. Akaingia. Akauvuta mlango. Akalala sakafuni, koti limemfunika kichwa, mkono mmoja nje, mweupe.

Kurudi ndani ya kaburi kwa miguu yako mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa.

"Maskini," Haveker alisema. "Kalala tayari. Ingia, mzee."

Mzee Eljas alisukumwa, akaanguka juu yake. Mlango ukabamizwa. Komeo likalia, lakini halikushika. Ulimi uligonga mpira ukarudi.

"Shika!" Inka alinong'ona.

Wakauvamia mlango wote wawili. Hapakuwa na kishikio. Wakaingiza kucha kwenye matundu manne ya skrubu, wakavuta kuelekea kwao. Nje, Haveker alijaribu mlango. Akavuta mara moja. Wakakaza. Akavuta mara ya pili. Ukucha wa Inka ulikatika, hakutoa sauti. Walikuwa wanaushikilia mlango wa jela yao wenyewe ili wasije wakafunguliwa.

Nyayo zikaondoka.

Pangaboi likanguruma, likafifia, likamezwa na ukungu.

Inka alihesabu mpaka mia mbili. Kisha akasukuma kwa kidole kimoja. Mlango ukafunguka.

Mzee Eljas aliunga waya wa redio kwa koleo na gundi. Dakika ishirini.

"Mnara, hapa Nanga."

"Nanga! Tumekupigia kwa saa nne! Hali?"

"Wameondoka na orodha."

"Umewaachia?"

"Nimewaachia. Andika namba hii ya kinasa-njia cha ndege."

Mnara akaandika. Wakasubiri. Mzee Eljas aliweka kahawa jikoni.

"Nanga. Nukta inakwenda magharibi. Imesimama. Iko katikati ya ziwa."

"Kiota namba moja," alisema mzee Eljas.

"Inazunguka. Inazunguka tena. Sasa inakwenda kusini. Imesimama. Ziwani."

"Namba nne."

"Nanga, hawa watu wamelewa?"

"Wanatafuta magenge," Inka alisema.

Kufikia saa kumi na mbili jioni nukta ilikuwa imesimama mara tisa, kila mara juu ya maji. Mara ya kumi haikuondoka tena.

"Mafuta yameisha," alisema mzee Eljas, akakata jibini.

Ukungu uliondoka kesho yake saa tano asubuhi. Helikopta ya askari wa mpakani ilimchukua Inka kisiwani, ikawakuta kilometa kumi na tisa kutoka hapo. Watu watano walikuwa wamejibana juu ya chombo, barafu iliyooza pande zote, rangi ya chai ya maziwa. Mmoja alikuwa amejaribu kutembea akazama mpaka kwapani. Wenzake walimtoa kwa kamba za kupandia. Sasa hakuna aliyethubutu hata kushusha mguu. Sanduku la joto lilikuwa wazi, tupu. Bastola hazikuonekana. Ziwa lilikuwa chini yao.

Inka alishushwa kwa waya mpaka mbele ya Haveker.

Haveker alimtazama kama anayeona maiti. Midomo ilikuwa ya buluu. Meno yaligongana, lakini bado alijaribu kuyaonyesha.

"Dada Inka. Kumbe u mzima."

"Nilivaa vizuri."

"Sikiliza. Ninalo neno la siri. Herufi ishirini na nne, ziko kichwani mwangu tu. Sema mimi nilikuwa mateka wao. Niache nipande ndege niende zangu, na yule mzee atapata miaka yake yote."

Wenzake wanne walimgeukia. Mmoja alitema mate.

Inka alibonyeza redio ya begani. Rubani akamuunganisha na Kuikkasaari.

"Mjomba. Huyu bwana anauza."

"Anauza nini?"

"Miaka yako. Anataka aachiwe."

Redio ilikwaruza. Inka alisikia kitu kama kifuniko cha sanduku kikiwekwa mezani.

"Alikuta makinda wangapi?"

"Hata mmoja."

"Basi mwambie sinunui," mzee alisema. "Ninanakili zile karatasi za vichupa, niko mwaka themanini na sita. Macho yameanza kuuma na kuna karatasi siioni vizuri. Usinipigie kwa upuuzi."

Inka alimtazama Haveker.

"Hanunui," alisema, akamfunga pingu.

Uwanja wa ndege wa Ivalo, saa nane mchana. Maofisa wawili waliwapokea wale watano, wakawaingiza kwenye gari. Haveker alipita bila kugeuza shingo. Simu mpya ikalia mkononi mwa Inka kabla hata hajaiweka mfukoni.

"Kazi safi, Nanga. Ndege ya saa kumi. Kesho asubuhi ofisini."

"Nimechukua likizo, Mkuu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Nanga, sikiliza—"

Alizima simu. Akaingia kwenye duka dogo la uwanja, akachagua paketi nne za kahawa na miwani miwili ya kusomea, mmoja wa kiume, mmoja wa kike. Akalipa. Ule wa kike akauvaa palepale, akajitazama kwenye kioo cha friji ya soda, akaona unamfaa.

Nje, pangaboi la helikopta lilikuwa bado linazunguka. Inka alitembea kulielekea, ukucha uliokatika umefungwa plasta, bila haraka yoyote.